Semina ya hesabu za kura, Dodoma: asubuhi inalipa, mchana imepwaya

Katibu wa kata wa chama kidogo akimaliza semina hii ya siku moja, Area C, anaweza kugawa viti mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Kwa hilo tu, ada yake ni halali.

Uzito wote uko kwenye zoezi la asubuhi. Kila meza hupewa karatasi ya manila, maka peni, viti 5 na vyama vinne vyenye kura 50,000, 32,000, 12,000 na 6,000. Kwa D'Hondt, njia mojawapo ya kugawa viti kwa uwiano wa kura, kura za kila chama zinagawanywa kwa 1, 2, 3 na kuendelea, kisha yanachukuliwa majibu 5 makubwa: chama cha kwanza viti 3, cha pili 2, cha tatu kinatoka patupu. Kwa Sainte-Laguë, njia nyingine ya aina hiyo, unagawanya kwa 1, 3, 5: inakuwa 2, 2 na 1. Kura ni zilezile! Mwezeshaji huwaacha watu wabishane mpaka waione wenyewe ile 16,000 (yaani 32,000 kwa 2) iliyoizuia 12,000.

Mfano wa Lesotho umechaguliwa vizuri, ila unakatizwa njiani. Mwaka 1998 chama kimoja kilizoa viti 79 kati ya 80 kwa takriban 60% ya kura, nchi ikawaka moto. 2002 vikaongezwa viti 40 vya uwiano, vya kufidia vyama vilivyopata kura nyingi lakini majimbo machache. Kisichosemwa ni kwamba 2007 vyama vikubwa vilishirikiana na vidogo, kimoja kikavuna majimbo na mwenzake viti vya uwiano kupitia orodha yake, hivyo viti hivyo vya fidia vikakosa kazi. Asiyeambiwa hivyo ataondoka akiamini mfumo mchanganyiko (majimbo pamoja na uwiano) hauchezewi.

Kosa zito liko kwenye kitini, sehemu ya viti maalum vya wanawake bungeni Tanzania, ambavyo chama hupata kikifikisha 5% ya kura. Kitini kinakokotoa hiyo 5% kwa kura zote zilizopigwa, wakati Katiba inataka kura halali za ubunge, nchi nzima. Kwenye kura 100,000, zikiharibika 4,000, kizingiti ni 4,800, si 5,000. Hapo ndipo chama kidogo huumia: mwaka 2015 ACT-Wazalendo na NCCR-Mageuzi vilishinda jimbo mojamoja, lakini havikufika 5%, hivyo havikupata kiti maalum hata kimoja.

Wakirekebisha ukurasa huo, tunaipendekeza bila kusita. Nenda na kikokotoo, na uombe mapema zoezi la kujumlisha fomu za matokeo za vituo. Lisipoombwa, huwa linarukwa muda ukibana.