Uzoefu wangu na Hyrule Historia: kinunue kwa ajili ya michoro

Niseme mapema ili mwenye haraka aondoke na jibu lake: Hyrule Historia ni kitabu cha picha kilichovalishwa kanzu ya kitabu cha historia. Wengi wanakitafuta kwa ajili ya ule mpangilio wa matukio ya The Legend of Zelda, gemu za Nintendo ya Japani zinazohusu ufalme wa Hyrule: gemu ipi ilitangulia na ipi ikafuata. Mimi ni mchora mabango hapa Mtwara, ninacho tangu msimu wa korosho uliopita, na kurasa zilizoanza kuchakaa kwa vidole vyangu si za historia.

Toleo la Kijapani lilitoka Desemba 2011, mwaka ambao Zelda ilitimiza miaka 25, maana gemu ya kwanza ilitoka Japani Februari 1986. La Kiingereza, ambalo ndilo ninalo, lilitolewa na Dark Horse ya Marekani Januari 2013. Jalada ni gumu, la kijani, lina nakshi ya rangi ya dhahabu. Kurasa zinapita 270 na karatasi yake ni nzito. Usikisome umelala chali, kitakuangukia usoni. Utangulizi umeandikwa na Shigeru Miyamoto, baba wa gemu hizi, na neno la mwisho ni la Eiji Aonuma, aliyekuja kuzisimamia baadaye.

Mtwara ukisema gemu, mtu anaelewa mpira. Ingia banda lolote la gemu pale Chikongola au Magomeni, utakuta pedi mbili, vijana sita kwenye benchi, na timu za Ulaya kwenye kioo. Zelda niliijua kwa binamu yangu aliyerudi kutoka Maskati na mashine ya gemu ya Nintendo Switch. Nikacheza Breath of the Wild, nikaenda Skyward Sword ile iliyotolewa upya 2021, nikamalizia na Link's Awakening. Basi. Zilizobaki nyingi zilitoka kwenye mashine ambazo sijawahi kuziona kwa macho: Famicom, Nintendo 64, GameCube. Kwa hiyo ninaposema kitabu kinasimulia vizuri au vibaya, nasema kama mtu ambaye sehemu kubwa ya mambo haya ameyapata humo humo.

Historia inachukua kama robo ya kitabu. Inaanzia kwa miungu wa kike watatu walioumba ulimwengu, inapita Skyward Sword, ambamo tunaona chanzo cha ule upanga maarufu wa Master Sword, inafika Ocarina of Time ya 1998. Hapo ndipo mkondo unapogawanyika mara tatu. Link, shujaa unayemchezesha, akishinda, binti mfalme Zelda anamrudisha utotoni. Basi kuna dunia aliyoiacha nyuma akiwa mtu mzima, ambayo baadaye inafunikwa na bahari na ndiyo ya The Wind Waker. Na kuna dunia aliyorudi akiwa mtoto, yenye Majora's Mask na Twilight Princess. Hizo mbili mashabiki walikuwa wameshazijadili miaka. Ya tatu ndiyo iliyowaacha midomo wazi: Link anapigana na Ganondorf, yule adui mkuu anayeitwa pia Ganon, anashindwa, anakufa. Hadithi ya Ocarina yenyewe haiishii hivyo. Lakini kwa mujibu wa kitabu, gemu kongwe kabisa ya 1986, pamoja na A Link to the Past ya 1991, zote ziko kwenye tawi hilo la kushindwa.

Wapo wanaosema huo ni ujanja wa kupata mahali pa kuweka vipande vilivyokosa pa kukaa. Inawezekana. Mimi tawi hilo nimelipenda kuliko mengine. Ile gemu ya 1986 nimeitazama YouTube: wazee wanaishi mapangoni, nje kumejaa mazimwi, mji huuoni. Ukiambiwa shujaa alikufa zamani na nchi haijapona, picha ile inapata maana.

Tena usikishike kama msahafu. Kitabu chenyewe kinatahadharisha kwamba historia hii inaweza kubadilika, na kweli baadaye Nintendo waliitoa Link's Awakening mahali pake, baada ya gemu mbili za Oracle, wakaiweka kabla ya hizo. Mtu wa kusini hili halimkoseshi usingizi. Habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa nakala ya Kiarabu na kwa ile aliyoitumia Mreno João de Barros katika karne ya 16, orodha zake hazilingani, na wenyewe tunaendelea kusimulia.

Kinachonikera ni usimulizi. Fulani alifungwa, muhuri ukalegea, akatoroka, ufalme ukaanguka, akaja mwingine mwenye jina lile lile. Ukisoma matawi yote matatu kwa mkao mmoja, Ganon wanakuchanganyikia. Aliyezicheza gemu atakumbuka mambo yake. Ambaye hakuzicheza atapata mifupa tu. Mimi nilirudi mara nyingi kwenye ule mchoro wa matawi kujua niko wapi.

Sasa michoro. Kitabu kinafunguka na Skyward Sword, kurasa kwa kurasa za michoro ya awali, na pembeni yake maelezo mafupi ya waliochora. Hapo ndipo kazi ilipo. Chukua Loftwing, wale ndege wakubwa ambao vijana wa Skyloft, kijiji kinachoelea mawinguni, wanawapanda angani. Kwenye gemu unamwona mgongo muda wote kwa sababu umemkalia. Kwenye karatasi unamwona wa mbele: mdomo mpana, mzito, jicho lililokaa juu, shingo fupi. Kwa macho yangu huyo ni korongo-nyangumi, ndege wetu wa mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi huko magharibi, aliyepakwa rangi nyekundu na kuongezewa mabawa. Nimewaonyesha watu kadhaa, hakuna aliyebisha.

Kwa mchora mabango somo liko kwenye umbo la nje. Mhusika anatambulika hata ukimjaza wino mweusi mwili mzima. Groose, yule mbabe wa shuleni, ni kifua na zile nywele zake tu. Macho na nguo ni nyongeza. Nilijaribu mbinu hiyo kwenye bajaji moja ambayo mwenyewe alitaka tai nyuma ya kiti. Nikampigia ndege mwekundu, mdomo mpana, mabawa yakifika mpaka kwenye taa. Akazunguka bajaji yake, akasimama: "Fundi, huyu ni tai au bata?" Alilipa, na bado anaendesha nayo.

Rangi pia. Watengenezaji walishasema kwamba Skyward Sword iliazima kwa wachoraji wa Ufaransa wa aina ya Paul Cézanne, na kwenye karatasi unaliona jambo hilo kuliko kwenye runinga: mlima wa mbali haumaliziki, ni madoa ya rangi yaliyoachwa yazungumze yenyewe. Ukiwa umezoea mafuta ya kung'aa juu ya bati, ukurasa wa namna hiyo unakulazimisha ufikirie upya.

Kuna jirani yangu, mzee mchonga vinyago, ambaye gemu kwake ni kelele za watoto. Siku moja alikifungua kwenye Majora's Mask, akaona ile barakoa yenye pembe na macho makubwa. "Mwanangu, hawa nao wana mapiko?" Alimaanisha barakoa za ngoma za Wamakonde. Nikamweleza: kwenye hadithi, barakoa hiyo ilikuwa ya kabila la zamani lililoitumia kwa uchawi, ikafichwa kwa sababu ya ubaya wake, kisha mtoto mtukutu akaiiba na kuivaa, na mwezi ukaanza kuanguka. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema aliyeivaa hakuruhusiwa kuivaa, ndiyo maana. Ufafanuzi mzuri kuliko wa kitabu. Kwa mtu aliyekulia huku, aliyewahi kukimbia lipiko uwanjani huku mama zake wakicheka, Majora ilistahili nafasi kubwa zaidi ya iliyopewa. Skyward Sword imekula kurasa nyingi kwa sababu ndiyo iliyokuwa mpya wakati kitabu kinatengenezwa, na hilo linaonekana wazi mno.

Madhaifu mengine ni ya haraka. Maelezo pembeni ya michoro yameandikwa kwa herufi ndogo. Umeme ukikatika usihangaike na tochi ya simu, karatasi inarudisha mwanga machoni. Mwisho wa kitabu kuna manga, yaani katuni ya Kijapani, ya Akira Himekawa, jina moja la kalamu wanalotumia wanawake wawili, na inasomwa kuanzia nyuma, kulia kwenda kushoto. Watoto wa nyumbani waliielewa upesi kuliko mimi. Fupi, nzuri, haibadilishi chochote.

Kuhusu kukipata: hapa mjini sijakiona duka lolote. Niliagiza kupitia wakala wa Dar, kikaja kusini kwa basi. Bei iliyochapwa ni dola 34.99; mpaka nakishika mkononi nilikuwa nimelipa karibu mara mbili, na kona moja ya jalada ilikuwa imeshapondeka kwenye buti. Mwambie wakala afunge kwa maboksi mawili, au mtafute abiria unayemfahamu akipakate. Kikifika, kiweke kimelala, mbali na dirisha la upande wa bahari. Nilikisimamisha rafuni Shangani kwa muda na kurasa zikaanza kujikunja kwa unyevu. Nilipokilaza chini ya makopo ya rangi kilinyooka.

Ukiwa unachora, unashona, unachonga, au una mtoto anayejaza daftari za hesabu kwa mazimwi, kinalipa hela yake. Ukiwa unataka hadithi tu, muhtasari wa matawi matatu utaupata bure mtandaoni, na uliorekebishwa. Na kama Zelda uliyoicheza ni Breath of the Wild peke yake, kama ilivyo kwa wengi waliofika kupitia Switch, ujue humu haimo kabisa: gemu hiyo ilitoka 2017. Yenyewe ina kitabu chake, Creating a Champion, cha 2018 kwa Kiingereza. Wakala wangu ameshaniambia nauli yake, na kwa uzito ule safari hii nasubiri mtu anayekuja kwa ndege.