Bisibisi ya kugonga kwa nyundo kwa skrubu zilizoshikwa na kutu, uzoefu wangu

Kama una gari la zamani la Kijapani utakuwa unazijua zile skrubu mbili za kichwa cha nyota zinazoshikilia diski ya breki kwenye habu, kile kitovu tairi linapofungwa. Kazi yake ndogo sana, zinazuia tu diski isichezecheze tairi likiwa limetolewa, maana tairi likirudi nati zake ndo zinabana kila kitu. Ila siku unataka kubadilisha diski ndo utajua hujui. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo inajaa kwenye thredi na chini ya kichwa mpaka skrubu na diski vinakuwa kitu kimoja, ukija na bisibisi ya kawaida inapanda inaruka nje, ikiruka tena na tena kichwa kimeshaliwa.

Mi nikanunua bisibisi ya kugonga, hii ya mkono, sio impakti ya umeme. Ni chuma kizito kinajaa kiganjani, mbele unachomeka biti, yaani ncha ya bisibisi inayobadilishwa, nyuma unapiga nyundo, na ndani kuna njia za mshazari zinazogeuza lile pigo kuwa mzunguko kidogo. Uzuri wake sasa, pigo hilohilo linalozungusha ndo linaisukuma biti iingie ndani ya kichwa, kwa hiyo haipati nafasi ya kupanda, na ule mshtuko unavunja kutu. Kabla hujapiga zungusha mwili wake kushoto mpaka uhisi umekaza, ushikilie hapohapo ndo upige, hii karatasi ya maelezo haisemi na bila hivyo unapiga bure. Nyundo iwe ya kilo moja na kuendelea, zile ndogo zinadunda tu.

Kinachoniudhi ni biti zilizokuja nayo, laini kama mshumaa, ya kwanza imepinda kona kabla hata skrubu haijatikisika. Nikatafuta biti za JIS (kipimo cha viwango vya Kijapani) namba 3, aisee tofauti kubwa. Wengi wanaweka namba 2 kwa mazoea wakati skrubu za diski mara nyingi ni namba 3, alafu nyota ya JIS na ya Phillips, ile nyota ya kawaida, kwa macho zinafanana ila Phillips haikai mpaka chini. Ukiona kitone kidogo kwenye kichwa jua kuna uwezekano mkubwa ni JIS. Na chokonoa kwanza kutu yote ndani ya ile nyota mpaka uone chuma kinang'aa, la sivyo biti inakalia uchafu.

Kuhusu mafuta, WD-40 ya kawaida ilibuniwa 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, hiyo WD ndo maana yake, sio mbaya ila yale mafuta maalumu ya kupenya kutu nayaona bora, puliza jioni uache hadi asubuhi. Futa vizuri baadae diski isibaki na mafuta. Na ukitumia dawa ya kusafishia breki usije ukaleta moto hapo, zipo zenye klorini ambazo zikiungua zinatoa gesi ya sumu, hapo hakuna mzaha. Miwani vaa, vipande vya kutu vinaruka, na gari likae kwenye stendi sio jeki peke yake maana unaligonga kweli.

Zilitoka zote isipokuwa moja ya nyuma ambayo fundi wa zamani alishaimaliza kichwa. Hiyo nikaitoboa kichwa kwa drili, diski ikatoka, kikabaki kipande kimechomoza kwenye habu nikakishika na koleo la kujifunga kikazunguka bila shida. Ile njia ya kutoboa skrubu katikati na kuichomekea kifaa cha kung'olea siipendi, kifaa chenyewe ni chuma kigumu sana, kikikatikia humo hata drili haiumi.

Kwa taa, plastiki na vyuma vyembamba hii bisibisi ya kugonga usiilete kabisa, itapasua.

Za kurudishia nimeweka mpya na grisi ya shaba kidogo kwenye thredi, nikakaza kwa nguvu ya kifundo cha mkono tu. Kuna wasiozirudisha kabisa, mi nimezirudisha kwa sababu sipendi kuegemeza diski kwa goti wakati narudishia kalipa, ile sehemu inayobana pedi za breki.