Globu ya LED ya kununua Unguja na Pemba: ipi itangulie, ipi ibaki dukani

Boksi limeandikwa saa 15,000. Kwa saa tano kila usiku, hiyo ni miaka minane na ushei, na bado watu wanarudi sokoni Darajani na globu iliyokufa kabla ya mwaka. Boksi halisemi uongo mtupu: saa zile ni za punje za LED, ambazo kwa kawaida hufifia polepole, na huhesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 70 ya ule wa mwanzo. Kinachotangulia kufa ni saketi iliyo shingoni. Joto hukausha kapasita, kile kikopo kidogo kinachotunza chaji ndani ya saketi, na kila likizidi nyuzi 10 umri wake hukatika takriban nusu. Hapo bado hujatia umeme wetu unaopanda na kushuka.

Kwa hiyo ninayoitanguliza ni globu ya wati 7 hadi 9, yenye alumini shingoni, iliyoandikwa volti 100–265 au karibu na hapo. Wati 9 nzuri hutoa lumeni 800 hivi, sawa na globu ya zamani ya wati 60. Upana huo wa volti ndio unaolipiwa: umeme ukiwa mdogo baada ya magharibi, taa haififii. Ipime kwa mkono kwanza. Ikiwa nyepesi kama kifuu kitupu, irudishe. Kisha mwambie muuzaji aiwashe, uielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea kwenye kioo cha simu, saketi yake ni ya kubabaisha.

Inafuata wati 12 hadi 15, kwa sebule tu na holda iliyo wazi. Ukiifunga ndani ya bakuli la kioo inajipika yenyewe. Mimi ningeweka mbili za wati 7.

Ya tatu ni taa ya kuchaji, yenye betri ndani. Waliokuwepo Unguja umeme ulipokosekana kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kushawishiwa. Lakini betri nayo inachukia joto, na uwezo wake hupungua mwaka hadi mwaka. Moja jikoni, moja ukumbini, basi.

Mwisho kabisa ni zile kubwa za bei ya kutupa zilizoandikwa wati 30 au 50. Wati hizo nyingi ni za boksini. Punje zimefungwa kwa mfuatano, moja ikiungua zote zinazimika; fungua kifuniko utaona iliyo na doa jeusi. Fundi anaweza kuiruka kwa risasi ya kulehemu na taa ikawaka, lakini zilizobaki zinabeba mzigo zaidi, hazikawii kufuata. Tena ndani mna umeme unaotoka ukutani moja kwa moja, usiruhusu watoto wachezee. Za msokoto zenye zebaki, hata ukipewa bure, acha.

Baraza linalotazama bahari lina hesabu yake. Chumvi hula shaba ya holda mpaka ikawa kijani, kwa hiyo hapo taa ifungwe vizuri, na kwa sababu imefungwa, isizidi wati 5.

Kabla ya kulipa, hakikisha ni ya pini au ya skrubu kama holda yako, na uandike tarehe shingoni kwa kalamu ya wino. Ukiambiwa ina dhamana, muuzaji aandike kwenye risiti.