Nyimbo za Ufunguzi za Anime: Upi Ulipie Kwanza, na kwa Njia Gani

Wimbo wa ufunguzi unaousikia anime, yaani katuni ya Kijapani, inapoanza ni wa dakika moja na nusu tu. Ukiununua unapewa dakika nne, pengine tano. Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kujiuliza: hizo dakika za ziada zina jambo jipya ndani yake, au ni marudio ya yale uliyokwisha kuyasikia kila kipindi kilipoanza? Nimeipanga orodha hii kwa kipimo hicho. Sipimi anime ipi ni nzuri kuliko nyingine, na wimbo kuwa maarufu hakuupandishi ngazi hapa. Wapenzi wa Naruto watauliza mbona Blue Bird, mmoja wa funguzi zake, iko chini, nitawajibu nikifika.

Kwanza tuelewane kuhusu mkato wenyewe. Televisheni ya Japani hutenga sekunde 90 kwa ufunguzi, na wimbo hupunguzwa uingie humo. Kinachobaki kwa kawaida ni ubeti wa kwanza, kipande kinachopandisha hamu, kiitikio, basi. Ubeti wa pili, kipande cha katikati na kiitikio cha mwisho husubiri kwenye CD. Watunzi wanajua hawana muda wa kupoteza, ndiyo maana wengi wao humtanguliza mwimbaji. Sikiliza Gurenge, unravel, Blue Bird au Zankoku na Tenshi no Thesis: zote nne zinaanza na sauti ya mtu kabla bendi haijaingia kwa nguvu, na ndani ya sekunde tano umeshajua ni wimbo gani hata ukiwa chumba cha pili. Huo ndio ufundi unaozifanya zikae kichwani. Lakini kukaa kichwani ni jambo moja, na kustahili pesa yako ni jambo jingine.

Wa kwanza bila ubishi: Tank!

Huu ni ufunguzi wa Cowboy Bebop ya mwaka 1998, umetungwa na Yoko Kanno na kupigwa na bendi yake, The Seatbelts. Hauna ubeti wala kiitikio cha kuimbwa. Kuna sauti ya mwanamume anayewaita wenzake na kuhesabu kurudi nyuma kutoka tatu, kisha tarumbeta zinapasua, besi inaanza kutembea na bongo zinaifuata chini chini. Televisheni ilituonyesha picha za rangi bapa, vivuli vya watu wakikimbia na wakiwasha sigara, tukadhani picha ndizo zilizoubeba muziki. Nunua toleo kamili uone ni kinyume. Nusu ya pili ya wimbo ameachiwa Masato Honda na saksafoni yake. Anapanda, anarudi, anapanda tena mpaka noti za juu zinakaribia kuwa kilio, huku bendi nzima ikimsukuma kwa nyuma. Kwenye televisheni hukuwahi kupewa nafasi ya kukisikia kipande hicho kikikua. Kwangu mimi hakuna wimbo wa anime unaolipa fidia kubwa kuliko huu kwa mtu aliyeuzoea ukiwa umekatwa.

Huu usiununue peke yake. Chukua albamu nzima ya kwanza ya muziki wa Cowboy Bebop. Ina nyimbo 17, na ndani yake kuna Spokey Dokey yenye kinanda cha mdomo cha kusikilizwa jioni, Rush inayokwenda mbio kama jina lake, na Space Lion, ambayo inaanza na saksafoni peke yake na kumalizika na sauti za watu wengi juu ya ngoma. Ila jihadhari: The Real Folk Blues, wimbo wa kufungia vipindi ulioimbwa na Mai Yamane, haumo kwenye albamu hiyo. Uko kwenye albamu ndogo iitwayo Vitaminless. Watu wengi hununua ya kwanza wakiutafuta huo, kisha wanalalamika wameibiwa.

Unaofuata: Guren no Yumiya

Attack on Titan ilipoanza mwezi Aprili 2013, wimbo huu wa Linked Horizon uliingia na sauti za Kijerumani, kwaya, nyuzi na ngoma za metali, yote ndani ya dakika moja na nusu. Anayeiongoza Linked Horizon ni Revo, ambaye tangu mwanzo, na kundi lake la Sound Horizon, kazi yake ni nyimbo ndefu zinazosimulia hadithi. Kwa hiyo mkato wa televisheni ulimnyima kile anachokijua zaidi. Toleo kamili linapita dakika tano na linakwenda kama simulizi: mwendo unabadilika, kwaya inajibizana na mwimbaji, na hasira iliyomo inapata nafasi ya kueleza imetoka wapi. Utausikia wimbo ambao hukuujua, ingawa ulidhani umeukariri.

Hapa kuna jambo dogo la kukuokolea muda. Ukiitafuta CD kwa jina la wimbo unaweza usiipate, kwa sababu singo yenyewe, yaani CD fupi ya nyimbo chache, inaitwa Jiyuu e no Shingeki. Ilitoka Julai 2013 na ina nyimbo tatu, ukiwemo Jiyuu no Tsubasa, ambao ndio ufunguzi wa nusu ya pili ya msimu huo. Kwa bei ya singo moja unapata funguzi mbili. Ni ununuzi mzuri sana.

Zankoku na Tenshi no Thesis, lakini chagua toleo

Yoko Takahashi aliuimba mwaka 1995 kwa ajili ya Neon Genesis Evangelion, maneno ya Neko Oikawa na tuni ya Hidetoshi Sato. Nchini Japani umekuwa miongoni mwa nyimbo zinazoimbwa sana kwenye karaoke kwa miaka mingi, na ukiusikia unaona sababu: mistari ya kwanza inaimbwa polepole, karibu bila vyombo, unavuta pumzi, kisha ngoma zinaingia na mwendo wa disko ambao hukuutarajia kwenye hadithi nzito namna ile. Toleo kamili lina kipande cha katikati chenye kwaya, kinachoufanya wimbo uwe na giza kidogo, na kiitikio kinaporudi baada ya hapo kina uzito ambao kwenye televisheni hakikuwa nao.

Tatizo lake ni wingi wa matoleo. Takahashi mwenyewe ameurekodi upya zaidi ya mara moja, likiwemo toleo la mwaka 2009, na waimbaji wengine wasiohesabika wameuimba. Anayetaka ule wa Evangelion ahakikishe jina la Takahashi lipo na mwaka ni 1995. Matoleo ya baadaye yana sauti iliyokomaa na vyombo vilivyosafishwa zaidi, lakini ule ubaridi wa mwanzo umepungua.

Suala hili la matoleo linagusa nyimbo nyingi za zamani. Moonlight Densetsu ya Sailor Moon iliimbwa kwanza na DALI mwaka 1992, kisha Moon Lips wakaushika katika misimu ya baadaye. Cha-La Head-Cha-La, ambao Hironobu Kageyama aliuimba mwaka 1989 na uliofungua vipindi 199 vya Dragon Ball Z, una toleo la bendi ya FLOW la mwaka 2013 lililotengenezwa kwa ajili ya filamu. FLOW wameupiga vizuri, lakini kama moyo wako uko kwa Kageyama, yule mwenye koo la chuma aliyetokea bendi ya roki ya Lazy, hutaridhika na mwingine.

Za kununua moja moja

unravel wa Tokyo Ghoul, 2014, ni wa TK, mwimbaji na mpiga gitaa wa bendi ya Ling Tosite Sigure. Ningeuweka wa nne. Unaanza kwa mnong'ono, sauti nyembamba ya mtu anayeomba aelezwe kitu, halafu magitaa yanaanguka juu yake. Katika toleo kamili kuna sehemu ambapo kila kitu kinatulia tena karibu na mwisho, na ule utulivu unatisha kuliko kelele. Usikilize kwa spika za masikioni zenye ubora kidogo. Kwenye spika ya simu gitaa linageuka mchanga.

Idol wa YOASOBI, ufunguzi wa Oshi no Ko wa mwaka 2023, ni wa tano. Ayase, mtunzi wa YOASOBI, aliutunga kutokana na hadithi fupi ya Aka Akasaka, mwandishi wa Oshi no Ko mwenyewe, na inasikika: mwimbaji ikura anaanza na sauti tamu ya msichana wa jukwaani, mara anachana mistari kwa wivu juu ya kwaya nzito, mara anarudi kuwa mtamu. Juni 2023 ulishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard ya dunia nje ya Marekani, wa kwanza wa Kijapani kufika hapo. Maana yake inakamilika kwenye mistari ya mwisho ya toleo kamili, na anayeujua mkato tu hajasikia ukweli wa yule msichana. Unapatikana pia kwenye THE BOOK 3.

Again wa YUI, kutoka Fullmetal Alchemist: Brotherhood ya 2009, unafuata. Maneno yanakimbizana kana kwamba anaogopa kukatizwa. Ukitaka kumjua YUI zaidi ya hapo, albamu ya Holidays in the Sun ya 2010 inao. Gurenge wa LiSA, ufunguzi wa Demon Slayer, ni wa saba. Ni wimbo wenye nguvu, ila mkato wake ulikuwa umekamilika, na kinachoongezeka si kikubwa. Ningemshauri mnunuzi achukue albamu ya LEO-NiNE ya 2020 badala ya singo, maana humo LiSA anasikika akiwa na sura zaidi ya moja.

Na Blue Bird?

Naupenda. Ikimono-gakari waliutoa mwaka 2008 ukawa ufunguzi wa tatu wa Naruto Shippuden, na sauti ya Kiyoe Yoshioka inapopanda kwenye kiitikio, anga inafunguka kweli. Hakuna ufunguzi wa Naruto unaoimbwa na watu wengi kwa pamoja kama huu. Lakini dakika yake moja na nusu imetosheleza kila kitu. Ubeti wa pili unafuata njia ile ile, kiitikio kinarudi kama kilivyokuwa, na huondoki na siri mpya. Kwa Naruto, pesa ya mkononi ningeipeleka kwa Haruka Kanata wa Asian Kung-Fu Generation. Ulikuwa tayari kwenye CD yao ya 2002 kabla Naruto haijauchukua kuwa ufunguzi wake wa pili, kwa hiyo hapakuwa na aliyeupimia sekunde 90. Unausikia ukiwa mzima, wenye pumzi yake.

Njia ya kulipia

Kama lengo ni kusikiliza tu, huduma ya kulipia kila mwezi inatosha. Spotify ilifika Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda mwaka 2021, na nyimbo nyingi nilizozitaja zimo humo. Pakua ukiwa kwenye Wi-Fi ili bando lisiishe. Kasoro yake ni kwamba leseni za Kijapani hubadilika: wimbo uliopo leo unaweza kugeuka kijivu kesho katika nchi yako. Wimbo ambao usingevumilia kuukosa, ununue uwe faili lako.

Kabla hujabonyeza kulipa, tazama mambo mawili. Urefu: ukiona dakika 1:30, au maandishi "TV Size" kando ya jina, huo ni mkato, na unaulipia bei ya wimbo mzima. Jina la mwimbaji: maduka ya mtandaoni yamejaa vikundi vinavyopiga nyimbo za watu kwa kinanda na kuziweka jalada linalofanana na la anime. Jina la wimbo litakuwa sahihi, sauti itakuwa ya mwingine.

CD ya Japani ni kwa anayetaka kitu cha kushika. Singo mpya huuzwa kati ya yeni 1,200 na 2,000 kutegemea toleo, na nauli ya kuisafirisha mpaka Mombasa au Dar es Salaam mara nyingi huizidi bei hiyo, mbali na ushuru unaoweza kukutana nao posta. Agizeni watu watatu wanne kwa mzigo mmoja. Singo za anime kwa kawaida hutoka katika matoleo mawili au matatu: la kawaida, la mwanzo lenye idadi maalumu, na la anime ambalo jalada lake limechorwa wahusika na huongezewa DVD au Blu-ray yenye ufunguzi usio na majina ya watengenezaji juu ya picha. Toleo hilo la anime ndilo zuri kulihifadhi, lakini kabla ya kuongeza pesa kwa ajili ya DVD jua kwamba diski hufungwa kwa kanda, yaani eneo la dunia inakoweza kupigwa: ya Japani ni ya kanda ya 2, na Afrika Mashariki tuko kanda ya 5. Blu-ray yao ni kanda A, yetu B. Mashine ya kawaida ya nyumbani itaikataa. CD yenyewe haina kanda, itapiga popote. Basi kama huna mashine ya kanda zote, chukua toleo la kawaida, na tofauti ya bei uiongezee kwenye albamu ya Cowboy Bebop.