Kupiga kura Mombasa 2022: laini ndefu, kura tano, na kura ya gavana iliyoahirishwa

Kupiga kura kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kinachokula asubuhi nzima ni kujua usimame laini gani. Nilipigia kura Kisauni, katika shule moja ya msingi, Jumanne tarehe 9 Agosti 2022. Waliokuwa ndani ya darasa nawapa nyota nne kwa tano. Mpango wa laini huko nje naupa moja, tena ya huruma.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Sisi tulifika bado giza, na tayari watu walikuwa wamepinda kona nje ya geti. Sheria inataka kituo kimoja kisizidi wapiga kura 700, kwa hivyo shule kubwa hugawanywa vyumba kwa vyumba, kila chumba na sajili yake kwa kufuata herufi za majina. Orodha zilibandikwa ukutani kwa maandishi madogo, na taa ni tochi ya simu. Mtu anajikalia laini mpaka jua linawaka, akifika mlangoni anaambiwa jina lake liko chumba cha pili, akaanze upya huko. Kijana mmoja mwenye sauti, asimame getini na kuelekeza watu, angetosha kabisa. Hakuwapo.

Wazee, wajawazito na akina mama wenye watoto wachanga walitangulizwa mbele, na hapo sikusikia mtu akinung'unika.

Ndani mambo yalikwenda. Karani anachukua kitambulisho, unaweka kidole kwenye mtambo wa KIEMS, mashine ya kumtambua mpiga kura, picha yako inatokea. Mbele yangu alikuwa bibi mmoja wa leso, mashine ikamkataa kidole baada ya kidole.

"Bibi, hebu jaribu gumba la kushoto."

"Mwanangu, vidole hivi vimekwisha kwa kukuna nazi."

Karani hakumrudisha. Alimtafuta kwa nambari ya kitambulisho, fomu ikajazwa mawakala wa vyama wakishuhudia, bibi akapewa karatasi zake. Alipoulizwa kama anataka msaidizi wa kumtilia alama, alisema macho yake mazima, kilichokufa ni vidole tu. Hata wakala aliyekuwa amenuna tangu alfajiri alicheka.

Kwa kawaida Mkenya hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Sisi wa Mombasa tulipata tano. Siku moja kabla ya uchaguzi ilitangazwa kwamba karatasi za gavana wetu, pamoja na za Kakamega, zilitoka na picha na maelezo ya wagombea yaliyochanganywa, kwa hivyo kura hiyo ikaahirishwa. Wengine kwenye laini habari hiyo ilikuwa haijawafikia, wakadhani wanaibiwa karatasi, na afisa msimamizi akalazimika kueleza jambo lile lile kila mara. Masanduku yenyewe si rahisi kuyakosea, maana kifuniko kina rangi ya karatasi yake: cheupe cha rais, kijani cha mbunge, na kadhalika. Kisha wino kwenye kidole kidogo cha kushoto, na umemaliza.

Kilichonipendeza kuliko vyote kilikuja usiku. Kura huhesabiwa hapo hapo kituoni, ya rais kwanza, na Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo hicho, hubandikwa mlangoni kila mtu aione. Niliipiga picha. Baadaye niliifungua ya chumba chetu kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi, nikalinganisha mstari kwa mstari, wagombea wote wanne. Tarakimu zilikuwa zile zile. Tarehe 15 Agosti matokeo yalipotangazwa, Ruto asilimia 50.49 na Raila 48.85, mtaani kelele zilikuwa nyingi kutoka pande zote mbili, lakini kuhusu chumba chetu sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Kura ya gavana iliwekwa tarehe 23, ikasogezwa tena, hatimaye tukapiga Jumatatu tarehe 29 Agosti. Huduma ya siku hiyo ningeipa nyota tano kama haingekuwa na aibu yake: karatasi moja, sanduku moja, hakuna kusukumana, unaingia na kutoka kabla chai haijapoa. Wepesi huo ulitokana na watu kutokuja. Jirani yangu anayefanya kazi Nairobi alipanda basi kuja kupiga kura ya kwanza, na nauli ya kurudi kwa ajili ya karatasi moja hakuwa nayo. Abdulswamad Nassir alishinda, na jirani yangu mpaka leo akisikia mtu analalamikia kaunti huuliza kwanza kama alirudi tarehe 29. Yeye mwenyewe hakurudi, lakini anauliza.

Kwa uchaguzi wa 2027, nenda na kitambulisho halisi ulichojisajili nacho, thibitisha usajili wako mapema, na ukifika shuleni pita ukutani usome orodha kabla ya kusimama nyuma ya mtu yeyote.