Kutoga gegedu la sikio hapa Mwanza: uzoefu wangu wa karibu mwaka mzima

Tundu la kwenye gegedu, ile sehemu ngumu ya juu ya sikio langu la kushoto, limekomaa. Halitoi maji, haliumi nikililalia, na pete ndogo niliyoitamani tangu mwanzo imeshakaa. Imechukua karibu mwaka. Watu wakiliona huniuliza bei na maumivu, basi. Mimi nasema fedha yangu ilikwenda mahali pake kwa sababu ya kazi aliyoifanya dada aliyenitoga baada ya sindano kutoka.

Ndewe zangu, yaani nyama laini ya chini, alizitoga bibi nikiwa mchanga, kwa sindano na uzi, na hazijawahi kunisumbua. Gegedu ni habari nyingine. Halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na utando mwembamba uliolifunika. Ndiyo maana ndewe hupona kwa wiki sita hadi nane hivi, na gegedu huchukua miezi sita hadi kumi na miwili. Mtaani utapata wa kukutoboa kwa elfu chache kwa kile kibunduki cha plastiki. Kwa gegedu mimi sikubali hata bure. Kile kibunduki husukuma hereni butu kwa nguvu mpaka ipite, gegedu linaweza kupasuka, na plastiki yake haivumilii joto la mvuke la kuua vijidudu, kwa hiyo huishia kufutwa kwa spiriti tu kabla ya mteja anayefuata.

Nilikokwenda ni chumba kidogo ghorofani, katikati ya mji. Dada mwenyewe amesomea uuguzi. Kabla ya kugusa chochote aliniuliza kama nina kisukari, kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ni mjamzito, na kama kuna mtu kwetu mwenye makovu yanayovimba. Vifaa vilikuwa kwenye pakiti zilizofungwa, zenye alama inayobadilika rangi zikishapita kwenye mashine ya mvuke, na alizifungua mbele yangu. Glovu mpya, sindano mpya yenye uwazi ndani, unene wa milimita 1.2, ambayo ikishatumika huenda moja kwa moja kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Niliomba pete, akakataa. "Mdogo wangu, pete inazunguka, kila ikizunguka inakwaruza kidonda. Anza na kipini, pete utavaa likishapona." Akaniwekea kipini cha titani chenye mgongo bapa, daraja la F136, ile titani wanayotumia kwenye vifaa vya kuwekwa mwilini. Hereni nyingi za bei rahisi zina nikeli, na nikeli ndiyo inayowawasha wengi.

Maumivu ni ya sekunde chache. Makali, kisha sikio linabaki na joto mpaka usiku. Nililipa shilingi 45,000, pamoja na kipini na kurudi kukaguliwa.

Kwa kusafisha, alinipa masharti machache tu na akayarudia. Maji ya chumvi ya dripu, yale ya asilimia 0.9, yanapatikana duka lolote la dawa. Angalieni wasiwape maji ya kuchanganyia sindano, hayo hayana chumvi. Asubuhi na jioni, mikono imenawiwa kwa sabuni, unalowesha kipande cha gozi (kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda), unakiweka juu ya tundu mpaka ule utando mkavu wa manjano ulainike, unafuta taratibu, unakausha kwa gozi kavu. Pamba inaacha nyuzi, haifai. Kipini hakizungushwi. Spiriti na ile dawa inayotoa povu hazipakwi, zinaunguza nyama changa. Shangazi yangu wa Igogo alinisihi nipake mafuta ya ng'ombe. Nilimshukuru kwa heshima zote, sikupaka, kwa sababu mafuta yanaziba tundu na kushika vumbi, na vumbi la Mwanza wakati wa kiangazi mnalijua.

Jambo gumu ni kulala. Mimi hulala ubavu wa kushoto tangu utotoni, na ukililalia gegedu bichi linavimba na kipini kinapinda upande. Suluhisho nililitoa jikoni: ngata. Nilisokota kitenge kikuukuu nikatengeneza ngata pana, kama ya kubebea ndoo, nikaiweka juu ya mto na sikio likakaa kwenye uwazi wa katikati bila kugusa kitu. Nimewaelekeza wenzangu kadhaa, na wote wanaitumia. Kitenge kifuliwe mara kwa mara, na foronya pia.

Kofia ngumu ya bodaboda ni adui mwingine. Ukiivaa na kuivua kwa haraka inakwanyua. Kwa miezi ya mwanzo nilipanda daladala hata kwa safari fupi. Msusi wangu wa Kirumba nilimwomba aache nywele za upande ule bila kuzivuta, na wakati wa kuchovya rasta kwenye maji ya moto nilifunika sikio lote. Ushungi usiobana hauna shida; wenye pini karibu na sikio una shida.

Ziwa niliachana nalo kabisa mpaka tundu lilipokomaa. Ndugu zangu walipokwenda kuogelea fukwe za Ilemela mimi nilibaki mchangani na sato wangu wa kukaanga. Kuna bakteria anayeitwa Pseudomonas, anapenda maji na sehemu zenye unyevu, na ndiye anayesababisha mara nyingi maambukizi mabaya ya gegedu. (Kichocho cha ziwa letu kinapita hata kwenye ngozi isiyo na kidonda, lakini hiyo ni mada yake.) Dalili ya kuogopa ni hii: sehemu ya juu ya sikio inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi, ya moto, inavimba na kuuma sana, huku ndewe ikiwa salama. Hapo usinunue amoksilini dukani, haimgusi bakteria huyo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Bugando kuna idara ya masikio, pua na koo. Ukichelewa gegedu hufa, na sikio hujikunja likabaki hivyo.

Mimi sikufika huko, ila mwezi wa pili kilitokea kinundu kidogo kando ya tundu. Nilirudi kwa dada nikiwa na hofu ya keloidi, yale makovu yanayovimba. Alikitazama kwa taa, akanieleza kwamba keloidi huvuka mipaka ya kidonda na kuendelea kukua, na aghalabu hujitokeza baadaye. Changu kilitokana na kipini cha kwanza, ambacho huwekwa kirefu kwa makusudi ili uvimbe upate nafasi. Uvimbe ukishakwisha, urefu ule unakifanya kicheze na kuegemea. Dawa yake ni kubadilisha na kuweka kifupi. Hapa ndipo lawama yangu ilipo: kipini kifupi kinalipiwa kivyake, shilingi 15,000, na sikuambiwa siku ya kwanza. Tena saizi yangu ilikuwa imekwisha, ikabidi isubiriwe kutoka Dar es Salaam, na muda wote huo kinundu kikaendelea kunisumbua. Duka linalojua kwamba kila mteja atahitaji kipini kifupi baada ya wiki chache linapaswa kuwa nacho na kukitaja kwenye bei. Kilipobadilishwa, kinundu kilinywea taratibu mpaka kikaisha.

Mdogo wangu wa kike alipoliona langu alitaka naye. Nilimpeleka. Dada akamwuliza maswali yale yale, kisha akaomba kuona bega lake, mahali pa chanjo ya kifua kikuu. Pana kovu nene, linang'aa, limepanuka kupita chanjo yenyewe. Akamwambia hatamtoga, si gegedu wala tundu jingine la ndewe, na hakuchukua hata senti. Mdogo wangu alinuna njia nzima. Tulipitia Makoroboi, akachagua hereni za kubana zinazokaa juu ya sikio bila tundu, na ndizo anazovaa.