Magari ya leo yatakayotafutwa kesho: orodha yangu kwa mnunuzi wa Mwanza

Kama unachotaka ni gari la kukutoa Igoma asubuhi na kukurudisha jioni, nunua Toyota IST ukaendelee na maisha. Hapa naongea na mtu mwenye akiba kidogo na sehemu ya kuegesha, ambaye angependa miaka kumi na tano ijayo wanunuzi wampigie simu yeye, badala ya yeye kumbembeleza dalali.

Kwa macho yangu, gari huwa tunu likipita mitihani mitatu: lilipendwa na watu wengi, linamalizwa na kazi, na fundi wa kawaida bado anaweza kulifungua na kulirudisha. Uchache peke yake si hoja. Kuna magari ya Ulaya ambayo jiji hili linayo mawili matatu tu, na ni machache kwa sababu yalimshinda kila aliyeyashika. Yataendelea kuota nyasi nyuma ya gereji za Nyakato.

Kabla ya orodha, kuna mambo mawili yanayopanga bei. Marekani huruhusu gari lililotimiza miaka 25 liingie bila kukidhi masharti yao ya usalama, kwa hiyo Wamarekani wanayafuata magari ya Japani ya miaka ya tisini huko huko yaliko. Chaser na Land Cruiser ambazo zamani zingeteremka bandari ya Dar es Salaam kwa bei ya kawaida sasa zina mashabiki wenye dola. La pili ni la hapa nyumbani: gari la kutembelea lililozidi miaka kumi hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT. Ingiza mwaka na modeli kwenye kikokotoo cha TRA uone mwenyewe. Kwa hiyo karibu kila gari la zamani ninalolitaja hapa litafute ndani ya nchi, lile ambalo kodi yake ililipwa zamani.

Na sisi wa kanda ya ziwa tuna bahati ambayo wengi hawaihesabu: maji yetu hayana chumvi. Gari lililokaa Mwanza au Bukoba miaka ishirini mara nyingi lina bodi nzuri kuliko la mwaka huohuo lililokaa Tanga au Zanzibar. Ila bahati hiyo ina matundu. Pikapu iliyobeba sangara na barafu huliwa sakafu na lile jimaji la samaki. Gari lililotumika kushushia mitumbwi huzamisha ekseli ya nyuma ziwani, na maji yakishaingia kwenye difu, oili yake hugeuka rangi ya maziwa. Fungua nati ya difu uangalie, hata muuzaji akinuna.

1. Land Cruiser 80, shangingi lenyewe

Najua wengi wangeweka Mkonga, yaani Land Cruiser 70, hapa. Mimi naweka VX ya mtindo wa 80, iliyotoka mwaka 1990 ikarithiwa na 100 mwaka 1998. Mkonga bado unatengenezwa. 80 hairudi tena. Ndiyo Land Cruiser kubwa ya mwisho iliyochanganya starehe ya kiti cha bosi na ekseli nzima mbele na nyuma, maana 100 nyingi zilikuja na suspensheni laini ya mbele kama ya gari la lami. Na kwetu ina historia ambayo haiandikwi kwenye vitabu vya Toyota: ndilo gari lililowapa wakubwa wa miaka ya tisini jina la watu wa mashangingi. Gari lenye hadithi kwenye kumbukumbu za watu huwa na mnunuzi siku zote.

Angalia kadi na kibati cha chesesi. HZJ80 ina injini ya 1HZ, dizeli ya cc 4,164 isiyo na turbo, ileile ya Mkonga, kwa hiyo spea zake zipo mpaka Sengerema. Ni nzito kupandisha mlima lakini haina kompyuta ya kukusumbua. HDJ81 ina 1HD yenye turbo, tamu zaidi barabarani, na nyingi zilikuja kutoka Japani. Zile za mwanzo, yaani 1HD-T, zinajulikana kwa kulika beringi za konrodi, kwa hiyo uliza kama zilishabadilishwa na uone risiti. FZJ80 ni ya petroli, na petroli yake utaisikia kila ukipita kituoni.

Usinunue 1HZ iliyofungiwa turbo mtaani. Silinda hedi yake haikutengenezwa kwa joto hilo na hupasuka. Muuzaji atakwambia "imeongezwa nguvu". Wewe sikia kwamba imepunguzwa umri.

Unachokitafuta ni gari lenye siti zake, rimu zake, redio yake hata kama haiongei, na rangi ya kiwandani. Taa za LED na bampa la chuma ni sababu za kuomba punguzo.

2. Mkonga

Mfululizo wa 70 ulianza mwaka 1984 na mpaka leo kiwanda kinautoa, siku hizi hata kwa dizeli ndogo ya lita 2.8. Thamani yake haishuki, lakini pia hairuki kama kitu kilichokwisha duniani. Kitakachotafutwa ni Mkonga wa 1HZ, na hasa ile fupi ya milango miwili ya mbele na mlango wa nyuma, kwa sababu ndefu ziko kila wilaya.

Nyingi njema hutoka minadani: zilizokuwa na namba za DFP kwenye miradi, STK na STL za serikali, SU za mashirika ya umma, na zile za migodi ya upande wa Geita. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 pale Kigongo na Busisi, kwenda kukagua gari Geita si shughuli ya kusubiri kivuko nusu siku, hivyo nenda ulione lenyewe badala ya kununua kwa picha za WhatsApp. Gari la mradi huwa limefanyiwa huduma kwa daftari, ila mara nyingi liliingia kwa msamaha wa kodi. Hakikisha kodi imelipwa kabla ya kubadili umiliki, la sivyo deni linakuwa lako. Gari la mgodini nalo lina vumbi mahali ambapo hukujua gari lina nafasi.

Zile zilizokatwa katikati na kurefushwa kwa ajili ya watalii wa Serengeti ziache. Kazi zinafanya vizuri, lakini mkusanyaji hataki chesesi iliyoungwa.

3. Land Rover Defender

Kwetu Defender ni polisi. Mtoto wa Kirumba akisikia neno hilo haoni safari, anaona karandinga. Hiyo ndiyo inayoshusha bei yake hapa wakati Ulaya inapanda: Solihull ilifunga laini ya Defender ya asili Januari 29, 2016, na hiyo mpya iliyofuata ni gari jingine lenye jina la marehemu.

Chukua yenye injini ya 300Tdi, ambayo haina kompyuta. Td5 inayo. Bodi sehemu kubwa ni ya alumini, ambayo haishiki kutu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika, maana fremu iliyo chini yake ni chuma na inaoza kimyakimya. Ingia uvunguni na nyundo ndogo, gonga hasa kwa nyuma. Mkanda wa taimingi badilisha siku ya kwanza, usiulize ulibadilishwa lini. Kama huna fundi anayependa Land Rover, na wamebaki wachache, ruka namba hii bila aibu.

4. Altezza RS200, au GX100 isiyoguswa

Hapa nahama kwa wazee wa pori na kwenda kwa vijana. Altezza ilikuwa Gari la Mwaka la Japani 1998–1999, na ndani ina ile dashibodi ya geji kama saa ya mkononi ambayo hakuna aliyeisahau. Zilizojaa kwetu ni GXE10, yenye injini ya 1G-FE ya silinda sita. Hiyo ni nzuri kwa kutembelea tu. Ya kutunza ni SXE10, ndiyo RS200 yenyewe, yenye injini ya 3S-GE iliyopita mikononi mwa Yamaha, gia sita za mkono. Soma kibati cha chesesi, kwa sababu nembo ya RS200 inauzwa dukani na gundi yake.

Mark II ya GX100 nayo inakwisha. Iliyo nzima, springi hazijakatwa na eksozi haijatobolewa, siku hizi inabidi uitafute kwa wazee waliostaafu. JZX100, ndugu ya GX100, yenye turbo ukiipata Mwanza, kadi ikiwa safi, usianze kubishana sana. Ila tazama kwanza kama si GX iliyobadilishwa injini, na kama imebadilishwa, kadi iseme hivyo.

5. Suzuki Jimny ya 2018 na kuendelea

Gari jipya pekee ninaloliweka. Ina fremu halisi, ekseli nzima, na umbo ambalo halitachakaa machoni. Ilishinda tuzo ya dunia ya gari la mjini mwaka 2019, halafu Suzuki ikaiondoa kwenye magari ya abiria inayouza Ulaya kwa sababu ya masharti ya hewa chafu, na uhaba huo unaisaidia. Ile ya Japani ya cc 658 inaangukia daraja la chini kabisa la ushuru wa bidhaa. Kwa barabara za Ukerewe sioni cha kuishinda, mradi familia yako iwe ndogo.

Niliyoyaacha

V8, yaani Land Cruiser 200, itakumbukwa, lakini bado inateremka bei, subiri. Harrier na Vanguard ni nyingi mno na hazina anayezililia. Subaru Impreza za kizazi cha kwanza zingestahili, ila zilizobaki nchini nyingi zimeshapigishwa mashindano na gasketi za hedi zao zinajua hilo. Mahaibridi sina imani nayo kwa kutunza: betri itakufa kabla ya sifa.

Na moja ya kubahatisha

Carina Ti. Cheka kwanza. Gari hili lilijenga teksi za jiji hili na michomoko, yaani teksi za kuchangia, ya njia za Magu na Misungwi, na kwa sababu hiyohiyo linaisha: kila lililobaki linabeba watu sita na gunia la mchele. Aliyepanda Carina kwenda harusini akiwa mtoto leo ana mshahara, na watu hununua utoto wao pale wanapoanza kuwa na hela.

Weka hapo pesa ambayo ikipotea hutalala njaa. Tafuta yenye namba A, yaani iliyosajiliwa zamani, herufi za kibao chake zikianza na A. Sokoni herufi hiyo hushusha bei, lakini kwa gari la kutunza, namba A yenye jina moja tangu lisajiliwe ni ushahidi kwamba halijazunguka mikononi. Siti ziwe na kitambaa chake, milango ifunge bila kubamizwa, na isiwe na tundu la alama ya teksi juu ya paa. Ukiikuta kwa mwalimu mstaafu pale Pasiansi au Nyegezi, usimkatie bei kama unanunua dagaa Kirumba. Mlipe, andikishaneni mbele ya wakili, na kesho yake asubuhi muwe wote TRA kubadilisha kadi.